Muwasho wa ukeni usioisha: rivyu yangu ya krimu, sabuni, waipsi na kliniki iliyopima kwanza

Kama umeshawahi kuwashwa huko chini mpaka unashindwa kumsikiliza mtu anachokwambia, basi hii rivyu ni yako. Naenda kuongelea vitu vyote nlivyotumia kwa huu muwasho uliokuwa unaenda na kurudi, alafu niongelee kliniki iliyokuja kupata chanzo. Jina la kliniki sitaji kwasababu ninachotaka mkijue ni aina ya huduma yenyewe, yaani walichofanya kuanzia mwanzo mpaka mwisho, ili popote ulipo ukienda kwa daktari ujue cha kuomba, na ukiona hakifanyiki ujue hujapimwa.

Muwasho wangu ulikuwa hivi. Harufu hamna, uchafu wa kawaida tu wa siku zote, lakini mashavu ya nje yanawaka, mkojo ukigusa ngozi unachoma, jioni ukivua chupi unakuta pamevimba kidogo alafu pekundu, panang'aa. Usiku ndo balaa, mkono unaenda wenyewe uko usingizini, unashtuka umeshajikuna pamechubuka, na pakichubuka kesho yake panawasha zaidi ya jana. Kukaa muda mrefu ni mateso, tendo la ndoa unaanza kulikwepa bila kumwambia mwenzio sababu, na huwezi kumsimulia kila mtu kwanini umenuna. Watu wanaona ni kitu kidogo lakini muwasho wa kudumu unakula akili ya mtu jamani, unamnyima usingizi, unamfanya ajione mchafu wakati hana uchafu wowote.

Nianze na krimu na vidonge vya fangasi, maana ndo mlango ambao karibu kila mwanamke anapitia. Ukifika kaunta ya dawa ukisema unawashwa hujamaliza hata sentensi umeshapewa klotrimazoli. Dawa yenyewe sio mbaya, tena kama ni fangasi kweli inafanya kazi vizuri na haraka, ndani ya siku chache unasikia tofauti, na ile flukonazoli ya kumeza ya miligramu 150 kwa mtu mwenye fangasi wa kawaida mara nyingi dozi moja inamtosha. Shida ni hiyo "kama ni fangasi kweli". Kuna utafiti ulifanyika Marekani ukachapishwa mwaka 2002, walichukua wanawake waliokuwa wanajinunulia dawa za fangasi bila kuandikiwa na daktari wakawapima, na waliokutwa na fangasi peke yake walikuwa kama theluthi moja tu. Waliobaki wengine walikuwa na bakteria, wengine mchanganyiko, na wengine hawakuwa na maambukizi yoyote. Kwahiyo wanawake wengi tu wanapaka dawa ya ugonjwa ambao hawana, na hizi krimu zina vihifadhi na viyeyusho ndani yake ambavyo vikikaa kwenye ngozi iliyochubuka vinaunguza. Mimi kila nikipaka nlikuwa napata nafuu kidogo ya ule ubaridi wa mwanzo alafu baada ya muda moto. Nyota kwa anayejua ana fangasi, nne. Kwa anayebahatisha siwezi kutoa hata moja, kwasababu inamchelewesha.

Na we ambaye una ujauzito usijimezee flukonazoli, wajawazito wanapewa zile za kuweka ukeni za siku 7. Na we ambaye fangasi wako wamethibitishwa lakini wanarudi mara 3 au zaidi ndani ya mwaka, hapo sio kununua tyubu nyingine, hapo ni kuoteshwa sampuli maabara wajue ni aina gani, maana fangasi wengi ni Candida albicans lakini kuna ndugu yake anaitwa glabrata ambaye flukonazoli mara nyingi haimwezi. Hao wa kurudi-rudi wana utaratibu wao wa dawa, unaanza na dozi za karibu karibu alafu kidonge kimoja kwa wiki mpaka miezi 6, na sukari ya damu inapimwa pia kwasababu kisukari ambacho hakijadhibitiwa kinawalisha fangasi.

Sasa sabuni maalum za "sehemu nyeti". Hapa nitaongea kwa uchungu kidogo. Chupa nzuri, maua, harufu tamu, imeandikwa imepimwa na madaktari, imeandikwa pH sahihi (pH ni kipimo cha asidi). Uke wa mwanamke anayepata hedhi una asidi yake wenyewe, pH kati ya 3.8 na 4.5, na hiyo asidi inatengenezwa na bakteria wazuri wanaoitwa laktobasila, wako humo ndani wanafanya kazi bila mtu kuwaajiri wala kuwanunulia kitu. Ndani hapahitaji kuoshwa na kitu chochote. Kuosha ndani kwa maji ya kupuliza au sabuni au kidole chenye povu kunawaondoa hao walinzi, na wanawake wanaojiosha ndani wanapata zaidi bakteria vajinosisi, ile inayoleta harufu ya shombo, na baada ya harufu wanaosha tena na wanazidi kuharibu. Nje maji ya vuguvugu yanatosha, ukiona lazima uwe na sabuni basi isiyo na manukato kabisa na kidogo. Niliyotumia mimi ilikuwa na manukato, nikiosha nasikia msisimko wa ubaridi ambao tangazo lao linauita usafi, kumbe ngozi ilikuwa inalalamika. Nyota moja, na hiyo moja ni kwasababu kifuniko hakivuji.

Waipsi nazo, zile za unyevu kwenye pakiti. Nlikuwa nazibeba kwenye pochi kila siku kwasababu nikishatoka chooni nikajifuta nazo ule moto ulikuwa unatulia kidogo, kwahiyo kwangu zilikuwa dawa. Waipsi lazima ziwekewe vihifadhi, kitu chenye maji kikikaa kwenye pakiti kwa miezi bila kihifadhi kitaota ukungu. Zisahau kwa sasa tutazirudia.

Vipimo vya pH vya nyumbani, kile kikaratasi unaweka kwenye unyevu wa ukeni kinabadilika rangi. Nyota mbili na nusu. Faida yake ni moja, pH ikiwa ya kawaida na unawashwa, uwezekano wa kuwa bakteria au trikomonasi (kimelea cha kuambukizana kwa kujamiiana) unapungua, na ikiwa juu ya 4.5 uwezekano wao unapanda. Lakini fangasi haibadilishi pH, mzio wa ngozi haubadilishi pH, alafu shahawa na damu ya hedhi vinaipandisha, na ukishakoma hedhi inapanda yenyewe bila ugonjwa wowote. Kwahiyo unabaki na rangi mkononi hujui uende wapi nayo. Changu kilikuwa kinaonyesha kawaida kila mara na nlikuwa nakiangalia huku nawashwa, hakikunisaidia kitu hapo hapo lakini nlikipiga picha, na hiyo picha daktari aliifurahia.

Kuna pia vidonge vya boriki asidi ambavyo watu wanavisifia sana. Vina mahali pake, vya miligramu 600 vinawekwa ukeni kwa wiki mbili mpaka tatu kwa fangasi wagumu kama huyo glabrata, lakini kwa maelekezo ya daktari, mjamzito asiguse, na ni sumu ukimeza, kwahiyo ndani ya nyumba yenye watoto vifungiwe mbali kabisa. Kwa muwasho usiojulikana chanzo usiviguse. Na zile krimu za kuua muwasho zenye benzokaini zinatia ganzi kweli dakika chache, lakini benzokaini yenyewe inajulikana kwa kuleta mzio wa ngozi, yaani unapaka kuzima muwasho unaanzisha mwingine.

Haya, kliniki sasa. Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni simu kabla ya siku yenyewe, nesi akaniambia dada usipake chochote, usiweke kidonge ukeni, usijioshe ndani wala usikutane na mwenzio kwa siku mbili kabla ya kuja, kwasababu vitu hivyo vinaharibu sampuli. Hakuna sehemu nyingine nliyowahi kuambiwa hivyo, kote nlikuwa naenda nimeshapaka na wanachukua sampuli hivyo hivyo kama kuna kuchukua.

Daktari alikuwa mama mtu mzima hivi, mpole. Hakukimbilia kitanda. Alivuta kiti akaniuliza, dada yangu, panawasha ndani au nje? Nikamwambia huko kote. Akachukua kioo cha mkono akanipa, nikiwa nimelala akaniambia nionyeshe kwa kidole chako. Nikaonyesha. Akasema umeona, vidole vyako vyote viko kwenye ngozi ya nje, hakuna ulipogusa mlango. Mimi nliganda pale. Kwa muda wote huo watu walikuwa wanatibu ndani wakati nnapoumia ni nje, kwenye ngozi, na ngozi ina magonjwa yake.

Alafu akaniuliza maswali ambayo hayajawahi kuulizwa. Unaoga na nini, unafulia chupi kwa sabuni gani, unaweka kilainisha nguo, unanyoa au unatumia krimu ya kutoa nywele, pedi zako zina manukato, unavaa pantilaina (zile pedi nyembamba) kila siku, karatasi ya chooni ina rangi, mkojo unakuvuja ukikohoa, mwenzio anatumia kondomu za aina gani, kilainishi gani, umewahi kuvaa hereni zikakuwasha, una pumu, una ukurutu, unanyonyesha, hedhi inakuja vizuri? Akaandika kila kitu kinachogusa hiyo ngozi kwa siku nzima kuanzia asubuhi. Ile karatasi ilijaa mbele na nyuma. Nlikuwa najiona namalizia muda wake lakini hakuonyesha kuchoka hata kidogo, na hapo nikatoa machozi kidogo nasema ukweli, kwasababu ukizoea kupewa tyubu dirishani ukikutana na mtu anayekusikiliza mwili wenyewe unalegea.

Kupima kwenyewe kulikuwa kwa upole. Aliangalia kwanza nje kwa taa, kila kunjo, akagusa kwa kijiti cha pamba sehemu mbalimbali kuzunguka mlango wa uke akiuliza hapa panauma, hapa je, kwasababu kuna hali inaitwa vulvodinia ambapo maumivu yanakaa miezi 3 na zaidi bila chanzo kuonekana na mguso mdogo tu wa pamba unaweza kuuma sana. Kisha ndani, kifaa kidogo, akachukua ute kwa kijiti, akapaka kwenye kikaratasi cha pH, akaweka tone kwenye vioo viwili, kimoja na maji ya chumvi kingine na kemikali ya potasi (KOH). Cha potasi akakinusa, harufu ya shombo ikitoka hapo ni dalili ya bakteria vajinosisi, na hiyo potasi inayeyusha seli nyingine ili nyuzi za fangasi zibaki zinaonekana. Hadubini ilikuwa mezani pale pale chumbani. Akaniita baada ya kuvaa nikaangalia, nikaona seli zangu bapa zimetawanyika na vijiti vyembamba vingi pembeni, akasema hao ndo laktobasila wako, wazima kabisa. Nyuzi za fangasi hamna. Trikomonasi anayecheza-cheza hamna, lakini huyo akasema hadubini inaweza kumkosa kwahiyo akatuma sampuli ya kipimo cha vinasaba ambacho kinamkamata vizuri zaidi, na nyingine ya kuotesha fangasi ili asiache shaka. Zote zikarudi safi.

Hapo ndo sehemu nyingi zinaishia, unaambiwa huna kitu nenda nyumbani. Huyu akasema huna maambukizi, lakini ngozi inaugua na nimeiona kwa macho, kwahiyo tunatafuta kinachoiudhi. Akaniandikia kwenda kitengo chao cha ngozi kufanyiwa kipimo cha mzio mgongoni.

Hiki kipimo nataka nikielezee kwa urefu kwasababu wengi hawajui kipo. Wanakubandika mgongoni juu plasta zenye visahani vidogo vidogo vimepangwa kwa safu, kila kimoja kina kitu tofauti, manukato, vihifadhi, madini ya nikeli, raba, krimu mbalimbali, hata vitu vyako unaweza kubeba wakaviweka. Hakuna sindano, hakuna maumivu. Wanachora namba kwa kalamu pembeni. Unakaa nazo masaa 48 bila kulowesha mgongo wala kufanya kazi ya kutoa jasho, zikitolewa wanasoma, alafu unarudi tena siku mbili tatu mbele wasome mara ya pili. Kwanini mara mbili? Kwasababu mzio wa aina hii unachelewa. Hauji dakika ile ile umegusa kitu, unakuja baada ya siku moja, mbili, hata tatu, seli za kinga zinajipanga taratibu. Ndo maana mtu anaweza kutumia kitu kwa miaka akapata mzio nacho na asikishuku hata siku moja, leo umetumia, keshokutwa unawashwa, utalaumu ulichofanya keshokutwa.

Kusoma mara ya kwanza mgongo karibu wote safi ila sehemu moja pana wekundu hafifu. Mara ya pili nesi wa ngozi alipiga picha akanionyesha kwenye simu yangu, ngozi yote ya mgongo tulivu alafu kuna kiduara kimoja kimeinuka, chekundu, kina vipele vidogo vya maji. Akaangalia namba kwenye orodha. Kihifadhi kinachoandikwa kwenye lebo methylisothiazolinone, kwa kifupi MI. Na kiduara kingine hafifu cha mchanganyiko wa manukato. Akaniambia lete bidhaa zako zote tusome lebo. Waipsi za kwenye pochi zilikuwa na hiyo MI, na sabuni ya chupa yenye maua ilikuwa na manukato.

Hiyo MI sio kitu kigeni kwa madaktari wa ngozi, chama cha Marekani kinachohusika na mzio wa mguso kiliitangaza kuwa kizio (kitu kinacholeta mzio) cha mwaka 2013, na Umoja wa Ulaya waliizuia kwenye bidhaa za kupaka na kuacha mwilini pamoja na waipsi kuanzia 2017. Lakini sheria haziko sawa kila mahali na pakiti zinasafiri, kwahiyo soma lebo hata kama maandishi ni madogo kiasi gani, piga picha na simu uyakuze. Na itafute pia kwenye shampuu, sabuni ya kuoshea vyombo na hata rangi za ukuta, mtu mwenye huu mzio anakutana nayo sehemu nyingi.

Matibabu yalikuwa mepesi kuliko nlivyotegemea. Kuacha waipsi zote, sabuni zote huko, pantilaina, vilainisha nguo. Kuoga kwa maji ya vuguvugu, kujikausha kwa kugusisha taulo bila kusugua. Chupi za pamba, usiku bila chupi. Mafuta mazito ya mgando yasiyo na harufu, kidogo, kabla ya kukojoa na kabla ya kulala, yanaikinga ngozi na mkojo (ila yanaharibu kondomu za mpira, hilo lijulikane, na baadhi ya dawa za kuweka ukeni pia zinazilegeza). Na dawa ya steroidi ya kupaka (inatuliza uvimbe na muwasho), ya marhamu, yaani ya mafuta mazito, sio krimu, kwasababu marhamu kwa kawaida haina maji na inahitaji vihifadhi vichache. Kiasi alinionyesha kwenye ncha ya kidole, nusu ya kifundo cha mwisho, kinatosha eneo zima, kwa muda alioandika alafu unapunguza siku kwa siku. Watu wanaogopa steroidi huko na kuogopa kuzipaka ovyo ni sahihi kabisa, zikitumika kwenye fangasi bila dawa ya fangasi zinaficha dalili na wanazidi, lakini kwa ngozi iliyopimwa na kwa kiasi kilichoelekezwa zinavunja ule mzunguko wa kujikuna. Ngozi ilichukua wiki kadhaa kutulia, haikuwa siku moja, nafuu ya kwanza kuiona ilikuwa usingizi.

Sasa nisieleweke kwamba kila anayewashwa ana mzio wa waipsi. Nlimuuliza daktari mbona dalili zinafanana hivi, akanieleza anavyowatofautisha, na hii ndo sehemu ya huduma nnayoithamini kuliko zote kwasababu nimeshawatuma watu wawili watatu wa karibu yangu na kila mmoja alikuwa na lake. Mmoja ni mama aliyekoma hedhi, kwake homoni ya estrojeni imeshuka na ngozi ya uke imekuwa nyembamba na kavu, inawaka, tendo linauma na mkojo unambana mara kwa mara, alikuwa anatibiwa UTI mfululizo, akapewa estrojeni ya dozi ndogo ya kuweka ukeni na anaendelea vizuri. Hali kama hiyo inaweza kumpata hata mama anayenyonyesha. Mwingine alikuwa na mabaka meupe, ngozi nyembamba kama karatasi inayochanika, muwasho mkali usiku, mashavu madogo yameanza kuyeyuka kama yanajifuta. Hiyo inaitwa likeni sklerosasi. Haiambukizi, haitokani na uchafu wala tabia, inatibiwa na steroidi kali ya klobetasoli na matunzo ya muda mrefu, na haitakiwi kuachwa kwasababu inabadilisha maumbile na ikikaa bila tiba ina hatari ndogo lakini ya kweli ya kugeuka saratani. Huyu dada alikuwa amepakwa dawa za fangasi kwa miaka na hakuna aliyewahi kumulika taa akaangalia. Hilo linaniuma mpaka leo. Ukiona mabaka meupe au ngozi inayobadilika umbo omba waangalie, na ikibidi wakate kipande kidogo cha ngozi wakapime, usikubali kupewa tyubu ukaondoka.

Wenye bakteria vajinosisi wanatibiwa na metronidazoli au klindamaisini, na inapenda kurudi. Kuna utafiti wa Australia uliochapishwa 2025 ulioonyesha kumtibu na mwenzi wa kiume kwa vidonge na krimu kunapunguza kurudi, kwahiyo kama yako inarudi-rudi muulize daktari hilo. Trikomonasi yeye ni wa kujamiiana, hapo mwenzi lazima atibiwe hata kama hasikii chochote, la sivyo mnarudishiana.

Nigusie vilainishi haraka maana niliulizwa na wengi. Vingi vyenye glisirini nyingi vinavuta maji kutoka kwenye ngozi ya uke na kuunguza, Shirika la Afya Duniani (WHO) walitoa mwongozo mwaka 2012 kwamba osmolaliti, yaani kipimo cha wingi wa vitu vilivyoyeyuka ndani yake, isizidi 1200 na vizuri zaidi iwe chini ya 380. Kama namba haipo kwenye chupa tafuta cha silikoni kisicho na manukato. Na kondomu zenye nonoksinoli-9, dawa ya kuua mbegu za kiume, ziache kabisa kama unawashwa.

Yaliyonikera kliniki yapo. Mapokezi dada aliniuliza tatizo langu kwa sauti, watu wamekaa nyuma yangu kwenye viti, nikasema "ngozi" tu nikanyamaza, huyu angeweza kunipa fomu nikaandika. Kusubiri kulikuwa kurefu sana kuliko muda wa miadi. Kipimo cha mgongoni kinataka uende mara tatu ndani ya wiki moja, kwa mtu mwenye kazi au watoto wadogo hilo ni zigo zito, na wangeweza kumpa mtu muda wa asubuhi mapema. Na majibu ya maabara walinitumia kwa maneno ya kitaalam bila maelezo, ilibidi nipige simu ndo nielewe kwamba "hasi" ni habari njema.

Kwa upimaji nawapa nyota tano bila kusita, kwa mapokezi mbili. Usisubiri miadi yao kama una homa, maumivu ya tumbo la chini, vidonda au malengelenge, damu isiyo ya hedhi, au uko mjamzito na unatoka majimaji yasiyo ya kawaida, hapo nenda kituo kilicho karibu siku hiyo hiyo. Wengine wote wenye muwasho wa muda mrefu, beba pakiti na chupa zako zote kwenye mfuko, hata ile sabuni ya kufulia, na uombe mambo matatu kwa majina yake: sampuli iangaliwe kwa hadubini, ngozi ya nje imulikwe taa, na kama vyote safi, kipimo cha mzio mgongoni.